Je, Sumaku Yaweza Kusafisha Oili ya Injini?

Fundi anapolegeza nati ya kumwagia oili chini ya sampu ya gari lililokwenda kilomita elfu kadhaa, mara nyingine hukuta kwenye ncha ya nati hiyo uji mzito wa rangi ya kijivu, umesimama vinyoya vinyoya kama manyoya ya kifaranga aliyelowa. Akiupangusa kwa kitambaa, chini yake huonekana kipande kidogo cha sumaku. Uji ule ni chuma. Ni chembechembe zilizolika kidogo kidogo kutoka katika silinda, ringi za pistoni, meno ya gia na sehemu nyingine za injini, zikachukuliwa na oili hadi zilipopita karibu na sumaku na kunaswa.

Mwenye gari akionyeshwa uji huo hushtuka kwanza, kisha hufurahi, akijiambia kwamba lau si sumaku ile, uchafu huo wote ungekuwa bado unazunguka ndani ya injini yake. Wafanyabiashara wanaijua furaha hiyo vizuri sana. Kuna sumaku za kubandika nje ya chujio la oili, ambalo mafundi huliita filta. Kuna mikanda ya sumaku ya kulizungushia chujio hilo. Na kuna machujio ya ziada yanayofungwa pembeni mwa injini kwa mipira yake. Ahadi inayotolewa pamoja na vifaa hivyo karibu daima ni moja: injini itadumu zaidi, na oili itakaa muda mrefu bila kumwagwa.

Ahadi ya kwanza ikiwa ya uongo, hasara yake ni bei ya kifaa tu. Lakini ahadi ya pili ikiwa ya uongo, mwenye lori au daladala aliyeiamini anaweza kuipoteza injini nzima. Kwa hiyo yafaa jambo lenyewe lichunguzwe kwa utaratibu: oili huchafuliwa na nini, sumaku hunasa nini na huacha nini, na kile kinachoachwa kina madhara gani.

Uchafu wa oili na asili yake

Kazi ya oili si kulainisha peke yake. Oili hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, huziba nafasi iliyopo kati ya ringi na silinda, hukinga chuma kisipate kutu, na huosha. Katika kuosha huko hukusanya vitu vya asili mbalimbali, na hapana budi kuvitenganisha, kwa maana hapo ndipo kosa kubwa la watu wengi linapoanzia.

Kwanza kuna metali zilizolika. Chuma ndicho huwa kingi zaidi, lakini hakiko peke yake: pistoni za magari mengi ni za alumini, na maberingi ya krenki hutandikwa metali laini kama vile risasi, bati, shaba au alumini. Pili kuna vumbi, ambalo sehemu yake iliyo ngumu ni silika, yaani mchanga uliosagika. Tatu kuna masizi yanayotokana na kuungua kwa petroli au dizeli, na injini ya dizeli huyatoa kwa wingi. Kisha kuna vitu visivyo chembe kabisa: maji, mafuta ghafi yaliyopenya kwenye ringi bila kuungua, asidi, na oili yenyewe iliyogeuka kwa kuungana na oksijeni katika joto. Mabadiliko hayo ya mwisho huenda kasi sana joto linapopanda. Kwa makadirio yanayotumiwa na wakemia, kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi huongeza mwendo wake karibu mara mbili.

Sumaku huvuta chuma na aina nyingi za chuma cha pua kigumu, pamoja na nikeli na kobalti ambazo ni adimu ndani ya oili. Haivuti alumini, shaba, risasi wala bati. Haivuti silika. Haivuti masizi. Haivuti asidi wala maji. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza anaweza kulithibitisha hilo kwa sumaku moja, kipande cha sufuria, waya wa umeme na konzi ya mchanga mweupe. Basi hata kabla ya kupima nguvu ya sumaku, ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya uchafu iko nje ya mamlaka yake.

Vumbi hasa lastahili kutazamwa kwa makini katika nchi zenye barabara nyingi za udongo. Injini ya lita 2 yenye mapigo manne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Yaani huweza kumeza kiasi cha lita 3,000 za hewa kwa dakika, ingawa kwa kweli hupungua kidogo kwa kuwa silinda hazijai kabisa. Kwa saa moja ni zaidi ya meta 150 za ujazo, hewa inayoweza kujaza darasa zima. Hewa hiyo ikipita mahali ambapo chujio la hewa limepasuka, au mpira wake umelegea, mchanga huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuanza kusaga ringi hata kabla haujafika kwenye oili. Hapo hakuna sumaku wala chujio la oili liwezalo kuuzuia. Fundi anayeanza kwa kukagua chujio la hewa na vibano vya mipira yake ameanza mahali panapostahili.

Kipimo cha mikroni

Chembe zinazohusika hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa kadiri ya mikroni 70. Jicho zuri huweza kuona kitu cha mikroni 40 hivi. Kilicho kidogo zaidi ya hapo hakionekani bila hadubini. Utando wa oili unaotenganisha beringi na krenki huweza kuwa na unene wa mikroni chache tu, na ule ulio kati ya ringi na silinda hupungua hata chini ya mikroni 1 pale pistoni inapofika juu kabisa na kugeuka.

Kutokana na vipimo hivyo wahandisi wamejifunza jambo ambalo mtu asiyezoea huliona kinyume. Chembe kubwa sana haiwezi kuingia katika nafasi nyembamba ya beringi. Chembe ndogo sana huogelea ndani ya utando wa oili bila kugusa upande wowote. Iliyo hatari zaidi ni ile inayolingana na unene wa utando, au inayouzidi kidogo: hiyo huingia, ikagusa pande zote mbili, na kuchimba. Kwa maneno mengine, uchafu unaoonekana kwa macho sio unaoua injini.

Chujio la kawaida la karatasi hunasa vizuri chembe za mikroni 20 hadi 40 na kupita, ingawa yale yaliyo bora siku hizi hunasa karibu zote za mikroni 20. Nyingi za mikroni 5 au 10 hupenya. Huenda mtu akauliza kwa nini viwanda visitengeneze karatasi yenye matundu madogo zaidi. Jibu ni kwamba oili yote inayokwenda kwenye maberingi hupita katika chujio hilo, na asubuhi ya baridi oili huwa nzito. Karatasi yenye matundu madogo mno ingezuia mtiririko, na beringi lililokosa oili huharibika kwa muda mfupi kuliko lililopata oili chafu. Ndiyo sababu chujio, au kitako chake, huwekewa vali ndogo inayofunguka pale oili inaposhindwa kupita, ili iende kwenye injini bila kuchujwa. Waliobuni injini waliona ni heri oili chafu kuliko kukosa oili.

Nguvu ya sumaku na udogo wa chembe

Sasa turudi kwenye sumaku. Chembe ya chuma iliyomo ndani ya oili huvutwa na sumaku upande mmoja, na huzuiwa na mnato wa oili upande mwingine. Nguvu ya sumaku hutegemea ujazo wa chembe, yaani kipenyo chake mara tatu kwa chenyewe. Ukinzani wa oili, kwa kanuni ya Stokes wanayoifahamu wanafunzi wa fizikia, hutegemea kipenyo chenyewe tu. Ukigawanya la kwanza kwa la pili utaona kwamba mwendo wa chembe kuelekea kwenye sumaku hulingana na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Chembe ya mikroni 50 na ile ya mikroni 5 zikiwa mahali pamoja, ile ndogo husogea kwa mwendo ulio pungufu mara 100.

Zaidi ya hayo, uga wa sumaku hupungua upesi sana kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo. Sumaku iliyobandikwa nje ya chujio inapaswa kwanza kupitisha uga wake katika kopo la chuma, nacho chuma hicho huuchukua uga na kuurudisha upande wa pili wa sumaku kwa njia fupi. Sumaku dhaifu hubaki inashika kopo tu na kufanya kidogo sana ndani. Iliyo na nguvu hulijaza chuma la kopo hadi lisiweze kuchukua zaidi, na uga unaobaki huvuja na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana mtu aliyelikata kopo la chujio lililokuwa na sumaku nzuri huweza kukuta ndani yake alama ya uji wa kijivu inayofuata umbo la sumaku hiyo. Ushahidi huo ni wa kweli, nao hauna haja ya kukanushwa.

Tena, watetezi wa sumaku wana hoja moja yenye uzito. Oili ya gari, lita 4 au 5, hupita katika chujio mara kadhaa kwa kila dakika. Hata kama sumaku ingenasa chembe 1 tu katika kila 100 zinazopita, baada ya kupita mara 100 zingebaki kadiri ya 37 tu kati ya zile za mwanzo. Udhaifu wa mara moja husaidiwa na kurudia. Lakini hesabu hiyo ni ya chembe za chuma zisizoongezeka, ilhali injini huendelea kutoa mpya kila saa. Na chembe zilizokuwa kubwa kiasi cha kunaswa kwa urahisi na sumaku ndizo hizo hizo ambazo chujio la karatasi lingezinasa bila msaada.

Kuna pia suala la joto. Sumaku zenye nguvu kubwa zinazouzwa leo ni za neodimi, ambazo zilitangazwa mwaka 1983 na watafiti wa Sumitomo huko Japani na wa General Motors huko Marekani. Za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu bila kuirudisha zikizidi nyuzi 80 hivi, ilhali oili ya gari lililo safarini hufika nyuzi 90 hadi 110 au zaidi. Sumaku za kauri, kama zile za spika za redio, ni dhaifu kuliko hizo lakini huvumilia joto hilo, na zile za alniko huvumilia zaidi. Alniko ndiyo iliyotumiwa kutengeneza sumaku wanazomezeshwa ng'ombe ili zikae tumboni na kushika misumari na vipande vya waya walivyokula pamoja na majani. Huko Marekani wapo wenye magari waliozichukua sumaku hizo za ng'ombe na kuzibandika kwenye filta zao.

Mahali ambapo sumaku ina kazi

Isidhaniwe kwamba wahandisi wanaipuuza sumaku. Giaboksi nyingi na difu hutoka kiwandani zikiwa na sumaku kwenye nati ya kumwagia oili, na katika giaboksi zinazojibadilisha zenyewe husakafiwa chini ya sinia la oili. Sababu ni kwamba huko uchafu mkubwa ni chuma kilicholika kutoka kwenye meno ya gia, hakuna masizi ya moto, na mara nyingi hakuna chujio la karatasi.

Hali kama hiyo imo katika pikipiki. Injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kuigwa baadaye na viwanda vingi vya China, ndiyo mama wa injini za bodaboda nyingi za Afrika Mashariki. Haina chujio la karatasi. Ina wavu wa waya, na kikombe kilichofungwa mwishoni mwa krenki ambacho huzunguka nayo, na kwa mzunguko huo vitu vizito vilivyomo ndani ya oili hutupwa ukutani na kuganda hapo. Gia zake nazo huogelea katika oili ile ile ya injini, ambayo ni kadiri ya lita 1 tu. Kwa chombo cha namna hiyo nati yenye sumaku ina maana zaidi kuliko kwenye gari lenye filta nzuri. Lakini lita 1 ya oili inayotumikia injini, klachi na gia kwa pamoja huchakaa mapema, sumaku iwepo au isiwepo. Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, ilikuwa na wavu tu vilevile, na watengenezaji wake walidai oili imwagwe kila kilomita 5,000.

Kazi nyingine ya sumaku, ambayo pengine ndiyo bora kuliko zote, ni ya kutoa habari. Katika injini za ndege na helikopta huwekwa kizibo cha sumaku ambacho hukaguliwa kwa vipindi maalumu. Baadhi huwasha taa mbele ya rubani pindi vipande vya chuma vinapoziba nafasi kati ya ncha mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani, Vernon Westcott na Wolfgang Seifert, waliiendeleza fikra hiyo wakabuni njia ya kuzitandaza chembe za chuma juu ya kioo kwa nguvu ya sumaku, kubwa zikitangulia na ndogo zikifuata, ili zichunguzwe kwa hadubini. Fundi wa mtaani hana chombo hicho, lakini ana vidole. Uji laini kama masizi yaliyokorogwa ni wa kawaida. Sindano, magamba yanayong'aa au vipande vinavyokwaruza ni habari mbaya, na injini ifunguliwe kabla haijajifungua yenyewe barabarani.

Chujio la pili

Chujio la ziada ni hoja yenye nguvu zaidi. Chujio la oili lilipobuniwa na Ernest Sweetland na George Greenhalgh huko Marekani mwaka 1923, likaitwa Purolator, lilichuja sehemu tu ya oili kwa wakati mmoja. Baadaye magari yakahamia mtindo wa kuchuja oili yote. Chujio la pembeni linarudisha fikra ile ya kwanza: huchukua kadiri ya asilimia 5 hadi 10 ya mtiririko, likauchuja taratibu katika tabaka nene, kisha likairudisha oili hiyo kwenye sampu. Kwa kuwa maberingi hayalitegemei, laweza kuwa na matundu madogo sana na kunasa chembe za mikroni chache. Moja liliyopata umaarufu huko Marekani, liitwalo Frantz, lilitumia bunda la karatasi za chooni, na watu walilicheka sana. Lakini karatasi iliyobanwa vizuri ni chujio kweli, iite utakavyo.

Njia nyingine ni kuizungusha oili kwa kasi. Gustaf de Laval wa Sweden alitengeneza mwaka 1878 mashine ya kutenga malai na maziwa kwa mzunguko, na mashine za ukoo huo ndizo zinazosafisha oili katika meli hadi leo. Land Rover ziliwekewa kifaa kidogo cha jinsi hiyo katika injini ya dizeli ya Td5, iliyotoka mwaka 1998. Shinikizo la oili yenyewe ndilo hulizungusha pipa lake, na masizi hugandamana ukutani kama lami.

Je, usafi huo huirefushia injini maisha? Mwaka 1988 David Staley wa General Motors alichapisha majaribio yaliyolinganisha machujio ya ubora mbalimbali. Ikilinganishwa na chujio la mikroni 40, lile la mikroni 30 lilipunguza ulikaji kwa asilimia 50, na lile la mikroni 15 kwa asilimia 70. Takwimu hizo hunukuliwa na kila muuza machujio, mara nyingi bila kutaja kwamba katika majaribio hayo vumbi lilitiwa ndani ya oili kwa makusudi, ili matokeo yapatikane upesi. Majaribio yanaonyesha wazi kwamba chembe ndogo hudhuru na kwamba kuzinasa husaidia. Hayaonyeshi kwamba gari la familia lenye chujio zima la hewa litapata faida ya asilimia 70.

Wala chujio, liwe jema namna gani, halirudishi kilichotumika. Oili mpya huja na kemikali za nyongeza: za kuzima asidi, za kukinga vyuma vinapogusana, na za kuyatawanya masizi yasishikamane. Hizo humalizika. Ndiyo maana oili iliyochujwa hadi ikawa na chembe chache sana bado yaweza kuwa imekwisha. Na kinyume chake, weusi wa oili si dalili ya ubovu. Katika dizeli huonyesha kwamba kemikali za kutawanya zinafanya kazi yake, zikiyashikilia masizi yakiwa chini ya mikroni 1. Lori kubwa, jenereta au meli, yenye makumi ya lita za oili na safari ndefu, hupata faida ya kweli kwa chujio la pembeni. Na mwenye nayo akitaka kurefusha muda wa kumwaga oili, hupeleka sampuli maabara kwanza. Reli ya Denver na Rio Grande huko Marekani ilikuwa ikipima metali katika oili za injini zake za treni tangu miaka ya 1940. Mwenye gari dogo atatumia fedha yake vizuri zaidi kwa kununua oili ya daraja sahihi na filta isiyo ya bandia, na kuzibadilisha kwa wakati.

Jaribio la shuleni

Shule inaweza kulichunguza jambo hili kwa gharama ndogo. Fundi wa karibu aombwe kiasi cha mililita 200 za oili iliyomwagwa kutoka katika gari ambalo halina nati ya sumaku. Wanafunzi wavae glavu, kwa kuwa oili iliyotumika imethibitika kusababisha saratani ya ngozi kwa wanyama wa maabara, na moto usiwe karibu. Oili ichanganywe na mafuta ya taa kwa kiasi sawa ili mnato upungue, kisha igawanywe katika mitungi miwili. Katika mtungi wa kwanza ikorogwe polepole kwa dakika 5 kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Katika wa pili ikorogwe vivyo hivyo kwa kipande cha chuma cha ukubwa ule ule kisicho sumaku, nacho kikiwa ndani ya mfuko. Mifuko yote miwili isuuzwe kwa mafuta ya taa safi kabla ya kutazamwa.

Kisha kimiminiko kilichobaki cha mtungi wa sumaku kipitishwe katika karatasi ya kuchujia. Kitakachotoka chini kitakuwa bado cheusi. Mwishowe tone moja la oili isiyochanganywa lidondoshwe juu ya karatasi nyingine na kuachwa usiku kucha. Likienea na kufifia taratibu hadi pembeni, masizi bado yametawanywa. Likiacha doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, kemikali za kutawanya zimekwisha. Darasa likipata sampuli za gari moja baada ya kilomita 1,000, 3,000 na 5,000, madoa hayo yapangwe kwa mfuatano ubaoni kando ya uji uliotoka kwenye sumaku za sampuli hizo hizo, na wanafunzi waulizwe ni lipi kati ya hayo mawili lingemwambia dereva kwamba siku ya kumwaga oili imefika. Oili yote irudishwe kwa fundi katika chombo chenye kifuniko.